Majani yanayopukutika au mvua za vuli: kitabu kipi kinamfaa mtoto wa Mombasa?

Kila ikifika Septemba masanduku ya ng'ambo huanza kuingia. Jamaa wa Toronto au Birmingham anakuja likizo, na ndani ya begi, baina ya chokoleti na viatu vya raba, mna vitabu vya watoto ambavyo wa kwake wamekwisha kuvipita umri. Mwaka huu nimeletewa kumi na kimoja. Saba vinahusu jambo moja: yale majira ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambapo majani hubadilika rangi na kuanguka. Jaladani mna majani mekundu na ya dhahabu, kindi aliyekumbatia mbegu ya mwaloni, mtoto wa sweta na buti. Vinapendeza kuvitazama, hilo sikatai.

Jumamosi asubuhi mimi hutandika mkeka uani kwetu Tudor, chini ya mkungu, nikawasomea watoto wa mtaani. Huja wa gredi ya kwanza hadi ya sita, siku nyingine wanane, siku nyingine ishirini na zaidi kwa kuwa kuna arusi na mama zao wako jikoni. Nilianza na kile kizuri kuliko vyote. Kabla ya kukifungua niliwaambia, kwa ujuaji wangu, kwamba haya ni mambo ya Uzunguni, kwetu hayako. Sikufika ukurasa wa nne. Mtoto wa gredi ya pili aliinama, akaokota jani la mkungu lililoangukia ukingo wa mkeka, jekundu limeiva, mishipa yake bado ina manjano, akalilaza juu ya picha.

"Na hili je, mwalimu?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikafunga kitabu, tukatafuta jiwe, tukapasua kungu.

Wiki iliyofuata jirani yangu mmoja akaniuliza, tuko kwenye foleni ya maji, amnunulie mwanawe kitabu gani cha majira, kwani shuleni wameambiwa kila mtoto alete kimoja cha kona ya kusomea. Jibu fupi sikuwa nalo. Hili ndilo refu.

Vuli ipi?

Kabla ya kulinganisha kitabu na kitabu, litazame neno. Kitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili huenda kikayaita majira hayo vuli. Wengine huandika majira ya kupukutika majani, jina refu lakini halina mtego. Vuli kwa mtoto wa Mombasa ina maana yake tayari. Ni mvua zile ndogo za Oktoba hadi Disemba, upepo wa kusi umelegea na ule wa kaskazi haujashika. Hunyesha ghafla, nguo zikaanuliwa mbio mbio, na kabla hujamaliza kuzikunja jua limetoka tena. Sasa mpe mtoto huyo sentensi isemayo kwamba vuli imefika na msitu umegeuka dhahabu. Atakubali, maana watoto hukubali kilichopigwa chapa, na tangu hapo atakuwa na vuli mbili kichwani zisizojuana.

Kitabu kilichofasiriwa hivyo pasi na hata mstari mmoja wa kueleza, mimi hukirudisha rafuni.

Lakini mfasiri naye hakupotea kabisa, na hili nilichelewa kuling'amua. Kila mwaka, tarehe 22 au 23 Septemba, jua huvuka ikweta likielekea kusini. Kaskazini ya dunia hupungukiwa na mwanga siku hadi siku; London, ambako mwezi wa Juni mchana huzidi saa kumi na sita, ifikapo Disemba haufiki saa nane. Ukanda wa mvua nao hulifuata jua hilo kwenda kusini, hupita juu yetu, na huko kupita kwake ndiko vuli yetu. Kule majani yanaanguka, huku mvua inanyesha, na aliyesababisha yote mawili ni msafiri mmoja. Kitabu kinachomfikisha mtoto hapo, hata kwa ukurasa mmoja wenye mchoro wa tufe na tochi, nakipenda kuliko vitano vya kindi.

Hadithi ya picha kando ya kitabu cha maelezo

Vya ng'ambo ni vya namna mbili, na hapa mbele yangu nimelaza viwili. Kimoja ni hadithi ya picha, kurasa 32 kama vilivyo vingi vya aina yake, sentensi mbili tatu kila ukurasa: mtoto na babu yake wanafagia majani, wanayafanya lundo, mtoto analirukia, majani yanatawanyika, wanaanza tena. Cha pili ni cha maelezo: picha za kamera, mishale, majina ya sehemu za jani, na swali chini ya kila ukurasa.

Ukisoma kwa sauti, hadithi inashinda bila ubishi. Ina mdundo, ina kitendo kinachojirudia, na kuruka kwenye lundo hakuhitaji mkalimani. Wa kwetu huruka kwenye mchanga wa ujenzi hadi fundi awafukuze. Kilichotukwamisha ni vifaa. Ile reki ya babu walidhani ni uma wa kupakulia pilau ya arusi. Nilipowaeleza kazi yake mmoja akashangaa, "Si achukue ufagio wa chelewa?" Glovu walizijua kwa golikipa, kwa hivyo wakangoja mpira uje. Moshi unaotoka mdomoni kwa baridi walisema babu anavuta sigara, na nusu ya mkeka ikamkasirikia. Nilisimama mara tisa ndani ya kitabu cha dakika sita. Hadithi iliyosimamishwa mara tisa imekufa.

Ndipo nikajiwekea kipimo. Isome kimoyomoyo pale pale dukani ukihesabu vitu ambavyo mtoto hajapata kuviona. Vitatu au vinne vinampanua, na maswali yake yatakuwa matamu. Vikipita saba, umemnunulia kamusi yenye picha, na kamusi hailizi wala haichekeshi.

Cha maelezo huanza kwa kuchosha halafu hushika. Nguvu yake yote iko kwenye ukurasa wa kwa nini. Ukijani wa jani ni klorofili, ambayo hunasa mwanga wa jua ili mti ujipikie chakula. Mchana ukifupika na baridi ikianza kuuma, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, ile ya zamani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefunikwa muda wote hujitokeza. Nyekundu ni kisa kingine: hiyo jani huitengeneza wakati wa mwisho mwisho, na si kila mti huifanya. Kisha pale kikonyo kinaposhikana na tawi hujengeka tabaka la kukata njia ya maji, na upepo humalizia. Kwa nini mti utupe majani yake wenyewe? Kwa sababu jani hupoteza maji kila siku, na udongo ukiganda mizizi haina pa kuyapata mengine. Mti unafunga duka kabla haujafilisika.

Niliposoma hapo mkeka ulinyamaza, na kunyamaza kwao huwa si jambo dogo. Yule wa jani la mkungu akauliza kama mkungu wetu nao unaona baridi. Hapana, na kitabu hakikumjibu, lakini kilikuwa kimempa swali sahihi. Mkungu hugeuka mwekundu na kupukutika kwetu Mombasa bila theluji wala sweta. Mibuyu ya Mama Ngina, pale juu ya kivuko cha Likoni, katika miezi mikavu hubaki mifupa mitupu. Kinachoitia miti kiu kule ni barafu, huku ni kiangazi. Mti wa Toronto na mbuyu wa Likoni wote wawili wanabana maji. Hili mtoto anaweza kwenda kuliona kwa macho yake Jumapili, akitoka na baba yake kula mihogo ya kukaanga.

Kwa hivyo baina ya hivi viwili, kwa mtoto mmoja na kwa pesa za kitabu kimoja, mimi huchukua cha maelezo. Najua walimu wengi watanipinga, hasa wa gredi za chini, na wana haki yao, maana mtoto asiyependa kusoma hapendi mishale. Lakini hadithi ya lundo la majani akishaijua mwisho wake humwacha alipomkuta.

Cha maelezo nacho kina hila zake. Fungua ukurasa wa majira, utafute makosa mawili. La kwanza ni kusema kwamba baridi huja kwa kuwa dunia imekwenda mbali na jua. Si kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati Toronto imezama thelujini. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23.5, kwa hivyo nusu ya kaskazini na nusu ya kusini hupokezana kulielekea jua. La pili ni kuandika kwamba majira haya huanza Septemba, nukta, kana kwamba dunia ina nusu moja. Afrika Kusini na Australia huyaanza Machi. Mombasa yenyewe iko digrii nne kusini ya ikweta, na ukiifuata kalenda ya kusini kwa ukaidi, majani yetu yangetakiwa kuanza kupukutika masika yakibisha hodi. Wa gredi ya tano waliicheka kalenda hiyo siku mbili.

Mbayuwayu

Katika vile saba kimoja kilinishangaza. Ni chembamba, jalada limechanika pembeni, na mtoto wa kwanza kukimiliki amechora masharubu kwenye uso wa mkulima. Kinamfuata mbayuwayu mmoja anayeondoka kwenye banda la ng'ombe huko Uingereza majani yanapoanza kugeuka, kwa kuwa wadudu anaowala wanapungua. Anavuka bahari, anavuka Sahara, anazidi kushuka kusini. Ukurasa wa mwisho amekaa kwenye waya wa stima, nyuma yake kuna minazi.

Nilipofika hapo watoto wote waligeuza shingo kuangalia barabarani. Hawakuwepo siku ile, lakini wiki mbili baadaye walikuwepo, wamejipanga kwenye waya wa mbele ya duka kama shanga, na watoto walikuja kuniita nikiwa naosha vyombo. Mbayuwayu wa Uingereza wengi huishia Afrika Kusini, na hilo niliwaambia, lakini ndege ni wa namna ile ile, na wengine wa kaskazini hukaa kwetu hadi Aprili hivi. Kuondoka kwao kule ndiko kufika kwao huku.

Kikilinganishwa na cha babu na lundo, hiki hakina mzaha hata mmoja. Kikilinganishwa na cha klorofili, kina sayansi robo tu. Lakini kina kitu ambacho vingine vyote havina, nacho ni mlango wa huku. Ukikuta kitabu cha majira ya ng'ambo chenye ndege wahamao, kitazame mara mbili kabla hujakirudisha.

Vya kwetu, na vya bara vinavyojiita vya kwetu

Sasa upande wa pili wa rafu. Vitabu vya ziada vya Kiswahili vinavyochapishwa Kenya vina faida ambayo hakuna cha ng'ambo kitakachoipata: mtoto hasimami. Lugha ni yake, jiko ni lake, mama amevaa leso. Vile vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, ile tunayoiita KICD, vimepimwa pia kwa kiwango cha gredi, kwa hivyo mzazi asiye na wakati wa kusoma chote ana pa kuegemea.

Kwa upande wa majira, hata hivyo, wengi wa waandishi wake hulitazama anga wakiwa bara. Nina kimoja ambamo Julai watoto wamejikunyata kwenye jiko la makaa, ukungu umefunika majani chai. Mtoto wa Tudor akikisoma yuko mgeni karibu kama alivyokuwa kwa kindi. Julai yake ni kipupwe, kusi linavuma, bahari imechafuka, samaki wamepanda bei na tiara zimejaa hewani. Na vuli ikitajwa huwa pambo tu: mvua ilinyesha, barabara ikafurika, somo likahama likawa la usafi. Hakuna anayeeleza mvua imetoka wapi.

Ninachokitafuta mimi ni kitabu chenye pepo zivumazo. Mtoto wa pwani akijua kaskazi na kusi ana kalenda mkononi. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hivi, ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Ghuba na Uarabuni hadi Bandari ya Kale, na kusi likianza kuvuma Aprili ndilo lililoyarudisha. Babu mvuvi anayemweleza mjukuu kwa nini leo hawatoki baharini amemfundisha majira bila kutaja neno majira. Vitabu vya namna hii si vingi. Ukikiona, hata kama picha zake ni za rangi mbili na mchoraji amempa babu mikono mirefu kama pweza, kichukue.

Tena kuna embe. Hadithi yoyote ambayo embe zinaanza kuiva, popo wanazigombea usiku na mvua za vuli zinaziangusha kabla ya wakati, hiyo ni hadithi ya kuanguka kwa vitu kutoka mitini, na hakuna mtoto wa hapa atakayeuliza kitu gani kinaanguka. Nimeiweka mkabala na ile ya tufaha na kikapu kutoka sandukuni. Maneno ni karibu idadi ile ile, urefu ni ule ule. Ya embe waliisoma wenyewe mara ya pili bila kuambiwa.

Vya bure

Simu ikiwa na bando, kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za Kiswahili, zimepangwa kwa viwango, na zinaruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa. Mimi huchapa kwenye saiba kwa rangi nyeusi na nyeupe, nikapiga stepla, watoto wakapaka rangi wenyewe. Majani ya dhahabu huko hayajai. Mvua, miti na wanyama tele. Kiswahili chake si sawasawa kila mahali kwa kuwa wafasiri ni wengi, kwa hivyo isome kwanza wewe. Nilikutana na fisi aliyezungumza kama barua ya ofisi.

Boga lenye macho

Hili wazazi wananiuliza kuliko yote, wengine kwa sauti ya chini. Vitabu vingi vya majira haya, hasa vya Marekani, huanza na majani na kuishia kwenye Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto hujifanya mizimu na boga huchongwa uso na kuwashiwa mshumaa ndani. Vingine huendelea hadi siku ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba kwa Wamarekani, Jumatatu ya pili ya Oktoba kwa Wakanada, mezani akiwepo bata mzinga.

Mzazi mmoja alinirudishia kitabu kwa vidole viwili. Simlaumu, nyumbani kwake hayo ni mambo ya majini na hayachezewi. Mimi mwenyewe sikuona dhambi, ila sikukisoma mkekani tena, kwa kuwa watoto ni wa watu. Hadithi nyingine ya boga, ya mavuno tu, isiyo na macho wala mshumaa, ilipita vizuri. Hapo napo palizuka malalamiko, lakini ya jikoni: binti wa gredi ya tatu aliona picha ya nyama ya boga ikitupwa kwenye ndoo akaghadhibika kwelikweli. Kwao boga huungwa kwa nazi na sukari, likaletwa kwenye futari. "Wametupa chakula wakabakisha ganda!"

Ushauri wangu ni mwepesi. Anza kukagua kitabu kutoka ukurasa wa mwisho. Kama kinageuka kuwa cha mizimu, hugeuka baada ya nusu.

Karatasi, gamu na bei

Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na vitabu havikuandaliwa kwa hilo. Kurasa za kung'aa hugandana. Ukizibandua picha inabaki upande wa pili. Vilivyogandishwa kwa gamu mgongoni huachia kurasa upesi kuliko vilivyoshonwa au kupigwa pini, ingawa pini nazo hushika kutu. Kwa kitabu kitakachopita mikono ishirini mimi huchukua cha pini, nikakiwekea jalada la karatasi ya kaki.

Bei si ya kujadili sana. Kwa vile nilivyovinunua mwenyewe, kipya cha ng'ambo kilinigharimu kama vinne vya hapa. Vya mtumba vya kwenye vibanda ni rahisi, ila hesabu kurasa. Nilishawahi kununua furushi zima jioni, taa hafifu, muuzaji anaharakisha kufunga. Nyumbani nikakuta vitatu havina mwisho. Kimoja kati yake watoto walikipenda hasa kwa sababu hiyo, wakawa wanakimalizia wenyewe, kila Jumamosi kwa namna nyingine. Vikinusa ukungu viache huko huko, vitavichafua vyenzake.

Nilichomwambia jirani

Mwanawe yuko gredi ya pili. Nikamwambia: kama ni kimoja, kiwe cha Kiswahili chenye mvua au embe au upepo, cha hapa, cha pini. Gredi ya kwanza hadi ya tatu mtoto bado anapambana na kusoma kwenyewe. Usimrundikie na kindi. Picha nzuri za majani mekundu zipo maktaba, akaazime, aangalie, arudishe.

Dada yake yuko gredi ya tano, na huyo ni habari nyingine. Ameshaanza Sayansi na Teknolojia, anapenda kubishana, na kitabu cha maelezo cha majira ya ng'ambo kitamfaa kuliko hadithi yoyote niliyo nayo, madhali hakina yale makosa mawili. Huyo mpe na kazi. Mapema Oktoba, tarehe 3 hivi, jua la adhuhuri hupita utosini mwa Mombasa. Asimamishe kijiti wima uani, saa sita na dakika kumi hivi, aone kivuli kikijikunja hadi karibu kipotee. Baada ya hapo kivuli cha adhuhuri hugeuka na kuelekea kaskazini, kwa kuwa jua limeshatupita. Likitoka kwetu linazidi kwenda kusini, na mwalimu wake akimwambia kwamba siku hizo ndizo majani ya Toronto yanapopukutika, atajua kwa nini bila kulazimishwa. Mchana wa kwetu tofauti yake mwaka mzima ni kama nusu saa tu, ndiyo maana mkungu hauna haja ya kuangalia saa.

Jirani alinisikiliza hadi ndoo zake zikajaa. Kisha akauliza kama hakuna kimoja cha watoto wote wawili, maana pesa ni za kimoja.

Nikamwambia kipo, cha mbayuwayu, chenye jalada lililochanika. Si cha kuuza. Kimeazimwa na yule wa jani la mkungu tangu juzi, na nyuma yake kwenye orodha wako watatu.